Maji ya Moto kwa Mama Mianda

Kolwezi, tarehe 28 Aprili 1974

Mama muheshimiwa,

Barua hii ikukute umekaa, si umesimama, ju iko na habari mingi. Yambo sana, yambo ya heshima, ile ya muko kwa mama wa bibi yake. Mbelu ako muzima. Anasema yambo yake itangulie yangu, nisisahau kuandika vile. Weye unamujua mutoto wako: mudomo uko, lakini ukimupa kalamu anasema mukono unamuuma. Tangu harusi mi njo mwandishi wa nyumba hii. Ku bureau naandika, ku nyumba naandika.

Magoti yako inasema nini? Hapa asubuhi baridi imeanza kuuma, na mwezi wa sita haujafika.

Habari kubwa njo hii. Kampuni imenipandisha cheo, imetutoa mu kambi na kututia mu nyumba ya ville, mujini, mule mulikaaka muzungu mumoja wa géologie. Kuko vyumba tatu, kuko lupangu mukubwa wa majani kuzunguka nyumba, na dushi iko ndani ya nyumba. Ndani, Mama. Hakuna kutoka inje na basani mukononi.

Na mule mu dushi, ku ukuta, kuko kasanduku keupe ka chuma, banakaita chauffe-bain. Hakana pipa wala tanki ya kutunza maji. Maji inapita tu mule mu bomba nyembamba, gaz inaungua chini yake. Kuko kamoto kadogo kanakaa macho sikuzote. Ukifungua robine, kamoto kanaita wenzake, vuuu! moto yote inalamuka, na maji inatoka ya moto saa ileile. Ukifunga robine, moto inalala. Mara ya kwanza Mbelu aliposikia ile vuuu, alikimbia mpaka ku barabara na sabuni mu kichwa, amejifunga taulo. Amenikataza nisikuandikie hii.

Kasanduku kako na sheria zake. Mutu akiwa mu dushi, mwingine asiguse robine ya jikoni, ju maji inapunguka, moto inazimika, na yule wa mu dushi anapiga kelele. Juzi Mbelu aliosha sufuria wakati mi niko na sabuni mu macho. Tulinuniana mpaka chakula ya mangaribi.

Tumewaza juu ya magoti yako. Maji ile ni dawa, Mama. Kuja mwezi wa sita, ukae na sisi mpaka baridi iishe. Mbelu anakungoja, na mi pia, kwa ile umbali ambayo heshima inaniruhusu.

Muko wako,
Badibanga


Kisenge, 12 Mei 1974

Tata Badibanga, muko wangu,

Nimekaa, kama ulivyosema. Barua nimeisoma mara tatu, ya tatu na sauti, ju mama jirani alitaka kusikia tena pale pa Mbelu na sabuni mu kichwa. Aka! Tumecheka mpaka machozi. Mwambie mutoto wangu kwamba Kisenge yote inajua.

Yambo kwako, yambo kwake. Mi niko muzima kutoka kiuno kwenda juu. Chini ya kiuno usiulize. Vumbi ya manganèse inaingia mpaka mu unga ya bukari, tunaikula, tunazoea. Niko na kuku sita, mumoja anatagia mu kitanda yangu na mi sina nguvu ya kubishana naye.

Asante kwa kuniita. Lakini Tata, weye ni mwana wa Kasai sawa mi. Umekuwa mukubwa ku kazi mpaka umesahau? Mama na muko habakule pa meza moja. Bakikutana mu njia, mumoja anaingia mu majani. Tangu umuoe Mbelu, ni miaka ine, uso yako mi naijua mu picha ya harusi tu. Na leo unaniita nivue nguo pale unapovua zako? Nisimame pale miguu yako inasimamaka? Ile dushi ya kambi ilikuwa ya batu bote, haikuwa ya mutu. Hii ni yako. Ukinionyesha njia nitakuja. Kama njia hakuna, nitakaa na magoti yangu, tumezoeana.

Mama Mianda


Kolwezi, 26 Mei 1974

Mama muheshimiwa,

Yambo ya haraka, Stanislas wa treni anangoja ku mulango na anaangalia saa.

Njia iko. Siku zote utakazokaa hapa mi sitatia muguu mule. Nitaoga ku kazi, mu vestiaire ya batu ba mine, mbele ya kurudi. Mbelu amesugua ukuta na chini na brosi mpaka rangi imetoka. Nimetoa rasoir yangu ya ndevu, taulo yangu, hata savate za miguu. Ile si dushi yangu tena, ni ya Mbelu, na mama kuoga kwa mutoto wake hakujakatazwa popote.

Na jambo lingine. Mbelu amekataza niandike, lakini mi nimezoea kukatazwa. Anatapika asubuhi, na nimemukuta anakula udongo mweupe nyuma ya mulango. Unakumbuka zile mimba mbili zilivyotoka, hata mwezi wa ine hazikufika. Anaogopa, Mama. Hasemi, anaimba tu jikoni na sauti kubwa, njo najua. Anakutaka sasa, na atakutaka zaidi mwezi wa kumi na mbili, siku ya kuzaa. Ameniambia neno hili, naliandika kama lilivyo: "Bila Mama mi sizai."

Muko wako,
Badibanga


Kolwezi, 7 Julai 1974

Mama muheshimiwa,

Yambo. Tunauliza kama ulifika vizuri, kama treni haikukuchosha, kama kuku bote bazima.

Zile wiki mbili ulizokaa hapa, nyumba ilikuwa nyumba. Nilikuwa salon, weye jikoni, ukuta kati yetu, na nikisikia unacheka na mi nilicheka, pekee yangu, bila kujua ju ya nini. Ku vestiaire batu balinisumbua kila siku: "Citoyen chef, ile sanduku yenu imekufa?" Nikabajibu iko nzima, iko na mugeni. Mbelu alisema kila asubuhi unatoka mu dushi unatembea bila fimbo. Nilijivuna sawa mi njo nilitengeneza gaz.

Kisha ile Jumapili ya mwisho. Ulianguka mu dushi, mbele ya misa ya pili. Tunamushukuru Mungu kwamba Mama Ernestine, jirani yetu, alikuwa karibu. Yeye njo aliyekutoa inje na kukufunika, na hewa ikakurudisha. Lakini kesho yake ulifunga mizigo. Mbelu alikuuliza maswali mpaka ku gare ya treni, ukamujibu juu ya mihogo yako tu. Mi nilisimama mbali, nyuma ya bagage, mizigo ya batu, kama inavyofaa. Niliona mugongo yako inapanda treni.

Kichwa yako iko namna gani? Mbelu anauliza kila siku, na mi pia.

Nakutumia kitambaa mu mikono ya Stanislas, wax ya bluu, ni zawadi tu.

Muko wako,
Badibanga


Kisenge, 18 Agosti 1974

Muko wangu,

Yambo kwako na kwa Mbelu. Kuku bamefika kumi na moja. Kanisa banaipaka chokaa. Kichwa imepona.

Mbelu asibebe maji, asikae chini ku simenti. Ile udongo aache, iko na minyoo. Mwezi wa kumi na mbili sitakuja. Kolwezi kuko lopitali, kuko bamasœur ba kanisa, banajua kuzalisha kunipita.

Kitambaa nimekirudisha kwa Stanislas. Ni kizuri, mi si kipofu. Lakini unajua vizuri: muko akimutumia mama wa bibi yake kitambaa nyuma ya jambo, ile si zawadi, ni kuomba samaa ya kosa. Na kosa iko na jina yake, inasemwa kwanza, kitambaa inafuata. Kitambaa bila neno mi sipokei.

Mianda


Kolwezi, 8 Septemba 1974

Mama muheshimiwa,

Yambo. Mvua imejaribu mara moja, ikaacha. Mbelu tumbo imetoka, inatangulia mbele yake mu mulango. Mutoto anapiga teke. Mwezi wa ine imepita, wa tano imepita, tuko mu wa sita, hatujafikaka hapa hata siku moja, na ingefaa tucheke.

Hatucheki. Barua yako niliisoma mbele yake, sikuwa na ujanja ya kuruka pale ulipokataa. Alitoka, akaenda kukaa ku ngazi za nyuma, akalia mpaka jua ikaingia. Kuko bamama ba kwetu, ba kikundi cha sala, balimuambia kwamba weye uliangushwa na buko, mwiko wa mama na muko: mama ameoga kwa muko, amevunja, ameanguka, na deni ya vile inamufuata mutoto mu tumbo. Alibafukuza. Lakini maneno ilibaki mu nyumba. Sasa anasema: "Kama Mama hakuji, ni kwamba na yeye anaamini vile. Anajua mutoto atakufa, hataki kuona." Hawezi tena kugusa kasanduku. Nimefunga gaz, kamoto kamezimika, anapasha maji inje ku mbabula ya makala.

Mama, haikuwa buko. Najua. Usiniulize namna gani, najua tu. Kuja, nakuomba. Kama hautaki kukaa kwetu, Mama Ernestine atakupa chumba.

Kitambaa kiko mu kabati. Sijui nikifanye nini.

Muko wako,
Badibanga


Kisenge, 6 Oktoba 1974

Badibanga,

Yambo. Leo nitapita haraka mu salamu. Kuku bazima, mi muzima, mvua imeanza. Keti na usome polepole.

Wiki iliyopita mvua ilituloesha wote ku shamba. Jirani yangu Nkulu na bibi yake balirudi, bakatia mbabula ndani ya nyumba ili bakaushe nguo, bakafunga mulango na dirisha ju ya baridi. Makala ilikuwa inaungua vizuri, bila moshi. Ni mi niliyeenda kuomba chumvi. Nilibakuta chini bote wawili. Tulibavuta inje, bakarudi. Nikamuuliza mama Nkulu: ulisikia nini? Akasema: kichwa ilipigapiga ku masikio, miguu ikawa maji, nilitaka kuita na sauti haikutoka, wala sikuogopa, nilisikia usingizi tu.

Badibanga, alikuwa anasema yangu! Neno kwa neno. Ile Jumapili mi nilisikia vile, na nikafikiri ni buko, ndiyo, nilifikiri, sitakudanganya. Nilikuwa mu treni nikisema: mi muzee ya bure, nimeuza mujukuu wangu ju ya maji ya moto. Njo maana nilikataa kuja. Nilifikiri nikikaa mbali, ile kitu itanifuata mi, itamuacha yeye.

Sasa nimekaa na kukumbuka. Siku za kwanza mu ile dushi, juu ya ukuta kulikuwa tundu ya hewa, mwangaza ilikuwa inapita pale na kuchora mistari mu maji. Niliipenda. Ile Jumapili niliinua macho, mistari haikuwako. Kulikuwa giza kidogo, na joto ya muzuri, hata nilimushukuru Mungu kwa ile joto.

Umeandika "najua tu". Mutu wa bureau hajui tu. Anajua ju kuko kitu ameona. Nani alifunga tundu?

Na swali ya pili. Mama Ernestine nilimuona. Mukono yake ni kama kijiti cha fagio. Mi ni mwanamuke munene, mama yangu alinizaa vile na bukari ikaongeza. Yeye njo alinibeba? Andika kweli. Ukiandika uongo nitajua, na hapo kweli hautaniona tena.

Mianda


Kolwezi, 20 Oktoba 1974

Mama,

Yambo. Mbelu amelala kidogo, miguu imevimba. Hajui naandika nini. Nimechana karatasi tatu.

Tundu ni mi nilifunga.

Ile Jumamosi mbele ya Jumapili sikuwa ku kazi. Nilikuwa nyuma ya nyumba natengeneza kinga yangu, ile bicyclette ya zamani. Sikujua weye uko mu dushi. Nikasikia maji inaanguka. Nikasikia unaimba wimbo ya kanisa, ya Kiluba, na unakosea maneno. Mama, niliacha kinga chini nikakimbia mpaka ku barabara. Masikio yangu ilikuwa inaungua. Muko anasikia mama wa bibi yake anaoga! Nikawaza: kesho ni Jumapili, nitashinda hapa, nitasikia tena. Nikatafuta ngazi. Nikatia gunia tupu ya unga mu tundu, nikapigilia carton juu yake na misumari nane. Nikashuka, nikaangalia kazi yangu, nikafurahi. Nilisema: sasa Mama ataoga na amani, hata mi nikisimama karibu sitasikia kitu.

Kuko karatasi kwa Kifaransa chini ya kasanduku, inasema tundu isifungwe kamwe. Niliisoma siku ya kwanza tulipoingia. Mi nasoma kila kitu, njo kazi yangu. Niliisoma, niliielewa, na haya ilikuwa na nguvu kupita karatasi. Jumatatu ile, weye ukiwa mu treni, Ngeleka, fundi wa maji wa kampuni, alikuja. Aliangalia juu, akauliza: "Nani alifunga hii?" Kisha akanieleza kwamba gaz ikikosa hewa inatoa pumzi mubaya, haina harufu, na dakika tano zingine tungekuwa na kilio. Nilimuambia ni upepo ilileta carton. Na misumari nane, Mama. Aling'oa yote, akanitilia misumari mu mukono.

Tangu siku ile najua haikuwa buko. Nimemuona Mbelu analia miezi tatu, na neno moja yangu ingemunyamazisha, na sikuisema. Niliogopa ataniambia: ulitaka kumuua mama yangu. Njo kosa kubwa, kupita ile ya gunia.

Swali ya pili. Mama Ernestine alikuwa ameenda misa ya kwanza.

Nilisikia kitu inaanguka, Mbelu akaita. Alikuwa anakuvuta kwa mukono, na yeye mwenyewe anayumba, na tumbo. Nilikimbia ku mulango wa barabara nikaita mwanamuke, yoyote. Barabara ilikuwa tupu, batu bote ku misa ya kwanza. Nikarudi mbele ya dushi na nikasimama. Nakuambia kweli, Mama, nilisimama. Sijui ni muda gani, pengine ya kusema Baba Yetu nusu. Mi nasimama kwa heshima, na weye unakufa. Kisha niliingia na macho imefungwa, nikagonga paji ya uso ku mulango, nikaona ujinga yangu, nikafungua. Nikakubeba mpaka ku majani ya lupangu. Nilikufunika na shati yangu ya misa. Ulipokohoa nilikimbia, nikajificha nyuma ya jikoni, nikalia. Mama Ernestine alirudi, Mbelu akamuomba aseme ni yeye. Alikubali.

Jana nilimuambia Mbelu habari ya gunia, na misumari yote nane. Aliniambia neno moja mubaya sana, ya Kiluba, inamustahili mutu kama mi. Halafu akasema: "Basi mutoto hana deni." Akala bukari kubwa, na sombe, na akalala mbele ya jua kuingia.

Lakini anataka kukuona. Na mi sina haki ya kukuomba kitu. Nimekuona kama muko asivyoona. Sema adhabu, nitaleta. Sema nisikuwe mu nyumba wakati uko hapa, nitaenda kulala mu kambi kwa batu ba kazi yangu mpaka mutoto atembee. Lakini kuja kwake. Si kwangu.

Badibanga


Kisenge, 10 Novemba 1974

Badibanga,

Barua yako ilikaa Dilolo wiki mbili na Stanislas, alikuwa na malaria, masikini. Yambo. Nimesoma nikalia, nikasoma tena nikacheka, mama jirani akauliza kama niko na homa.

Misumari nane! Ku tundu ndogo sawa kichwa ya mutu! Ulitaka kutengeneza nyumba ama sanduku ya maiti? Eh, Tata. Nina hasira na weye, nayo ni ya kweli, na itakaa mpaka Noël. Mutoto wangu ameumia miezi tatu ju ya kinywa yako iliyofungwa kupita ile tundu. Hiyo nitakuambia na sauti yangu, si mu karatasi.

Sasa nisikie na mi. Mi pia nilificha.

Nilikuwa macho.

Si mu dushi. Mule nilikuwa nimezimia kabisa. Ni pale ku mulango, jua ilinipiga mu uso, na masikio ikarudi ya kwanza. Nilisikia mutu anahema, na anasema: "Mama, usikufe. Mama, usiende." Mama Ernestine hana sauti ile. Nilijua ni weye, na nilijua niko namna gani. Nikawaza: nikifungua macho sasa, huyu mutu atakufa na haya, ataniangusha chini, na atahama inchi. Nikafunga macho na nguvu. Nilifanya maiti mpaka ukanifunika. Hata nikakohoa kidogo kidogo ili upate muda ya kukimbia.

Kesho yake bananiletea uongo ya Mama Ernestine. Mbelu anasema bila kuniangalia, na weye nyuma ya ukuta hata kukohoa hukohoi. Nilingoja mutu mumoja aseme. Sikuweza kukaa mu nyumba ambamo batu tatu tunajua na hakuna anayesema. Njo nilifunga mizigo. Halafu unanitumia wax!

Nimeenda kwa Tata Polycarpe, mukubwa wa bana Kasai ba hapa. Nilimuambia yote, ndiyo, yote, mi muzee, haya imeniishia Jumapili ile. Alikuna ndevu akasema: mbuzi, na kuku mweupe, na bakae mwaka bila kuandikiana. Nikamuuliza: Tata, na yule ambaye angesimama ku mulango mpaka nikufe, ju ya heshima, huyo angeleta nini? Akaomba maji ya kunywa.

Basi adhabu nitatoa mi mwenyewe. Ile tundu utaiongeza upana. Ngeleka aangalie, na hii mara umuambie kweli. Utaniwashia kamoto. Wakati naoga utatia radio na nguvu yote, ama utaenda ku barabara, ni shauri yako, lakini hewa ipite. Na pa meza utakula na sisi. Mbelu akiuliza namna gani mama na muko banakula pamoja, umuambie hivi: mutu anayebebwa uchi, amelowa maji, halafu akakohoa na kupumua, huyo amezaliwa. Mi sijui tena kati yetu nani ni mama na nani ni mutoto, lakini buko imeisha pale mu majani ya lupangu. Uniite Mama kama ulivyoniita siku ile, bila "muheshimiwa".

Mwambie binti yangu ninakuja kupokea mutoto wake na mikono hii, na kwamba hana deni kwa mutu. Treni ni ya tarehe mbili mwezi wa kumi na mbili. Mama Ernestine asije ku gare, wala usisimame nyuma ya bagage. Kuja weye, mbele, nione uso ya mwana wangu. Kushuka ile ngazi ya wagon magoti yangu haiwezi tena, utanishusha. Usiogope, uzito yangu unaijua.

Mama yako,
Mianda